Siku Niliyomwacha Wambui Avuke

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, nyumbani kwetu hakuna aliyeruhusiwa kumwita mtu kwa jina wakati upepo mkali unavuma. Maharagwe yangeweza kuungua jikoni, nguo zingeweza kung'oka kwenye kamba zikaenda kuangukia choo cha jirani, lakini jina la mtu lilibaki mdomoni. Sheria hiyo ililetwa na nyanya yangu, ambaye kwa lugha ya kwetu tulimwita Kukhu, na ilidumu miezi mitatu tu, ile ya mvua ndefu aliyokaa nasi Nairobi. Hata hivyo mpaka leo, na umri huu, upepo ukianza kupiga kati ya yale majengo marefu ya Upper Hill ninakofanya kazi, najikuta nimekaza meno, naenda dirishani, narudi, naenda tena. Wenzangu ofisini wanadhani nina shida ya tumbo.

Niseme jambo moja mapema, ili msomaji asinifikirie vizuri kuliko ninavyostahili. Katika miezi hiyo rafiki yangu Wambui alichukuliwa na maji ya mto, nami nilikuwa nimekaa mahali pa juu nikimwona tangu hajakanyaga daraja. Ningeweza kumwita. Sikumwita. Kwa zaidi ya miaka ishirini niliamini waliolijua hilo ni watu wawili, Kukhu na mimi, na Kukhu alizikwa zamani.

Tulikaa nyuma ya Dagoretti Corner, kwenye ploti ya vyumba vya mabati vilivyotazamana, katikati korido ya udongo, na mwisho wa korido tangi la maji. Ploti ilikuwa ya wazazi wa Wambui. Wao walikaa mbele, kwenye nyumba ya mawe, na nyuma ya vyumba vyetu walikuwa na zizi la ng'ombe wawili na shamba dogo la nyasi za nepia lililoteremka mpaka mtoni. Nasema mto kwa heshima tu. Siku nyingi za mwaka kilikuwa kijito cha maji ya sabuni na makaratasi, kuku angekivuka bila kulowa magoti. Juu yake palilazwa ubao mmoja mpana, na ng'ambo palikuwa na uwanja ambapo ndama wao alifungwa mchana ale. Kumrudisha ndama ilikuwa kazi ya Wambui kila siku akitoka shule, na kwa sababu Wambui na mimi hatukuachana hata chooni, ilikuwa kazi yangu pia.

Kukhu aliletwa mjini kwa ajili ya mguu. Nyonga ilikuwa imemchosha, na kila Jumanne Mama alimpeleka kliniki kwenye ile hospitali kubwa ya rufaa, wakarudi jioni wote wawili wamenuna. Alikuwa mama yake Baba. Baba, ambaye alikuwa fundi wa mjengo na aghalabu hakuwa nyumbani, alimkodishia chumba cha pembeni, kwa sababu kwetu mkwe na mkwe hawalali wakitenganishwa na pazia tu. Kukhu alikuwa mrefu, mkavu, mwenye sauti kubwa kupita kiasi. Kwao ni Bunyala, pale mto mkubwa unapoingia ziwani, na huko watu wamezoea kuongea kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Alikulia kwenye mafuriko. Alizika watu wa mafuriko. Alipouona mto wetu mara ya kwanza alicheka mpaka akashika ukuta.

"Hii ndio munaita muto?" akamwuliza Mama.

"Ngoja mvua, Mama," Mama akamjibu. "Utaiona."

Mvua ilipoanza kweli, Kukhu aliacha kucheka akaanza kutufundisha, mimi na Wambui, tukiwa tumekaa kwenye ngazi ya chumba chake. Upepo, alisema, unatafuta aliyesimama. Ukisikia mabati yanaanza kuongea, toka chini ya mti, toka kando ya ukuta wa mabati, ingia ndani. Ukiwa mbali na nyumba, chuchumaa mahali pa chini mpaka ukupite. Hayo hata mwalimu wa shule angeyasema. Lakini Kukhu alikuwa na sababu zake. Upepo unaotangulia mvua hauji mtupu, alisema. Umebeba watu ambao maji yaliwachukua na hawakupatikana wakazikwa, na watu hao wanasikiliza. Ukimwita mwenzako kwa jina, wanalidaka. Siku nyingine akiwa karibu na maji, wao ndio watamwita, tena kwa sauti yako, naye ataitika.

"Mutu haitwi jina kwa upepo," alisema, na sauti yake kubwa ikashuka hadi tukalazimika kusogea.

Sijui kama hiyo ni imani ya watu wote wa kule au ilikuwa ya Kukhu peke yake. Nimeuliza wazee kadhaa wa kwetu. Wengine wamesema ndiyo, wengine wameniangalia kama mtu anayetaka kuwachokoza. Mama, ambaye alikuwa mtu wa kanisa, alikunja uso tu. Mama yake Wambui alicheka akasema, "Hizo ni za kwenu huko, sisi tunaomba na tunafunga dirisha." Lakini sisi watoto tuliamini kwa mwili mzima. Upepo ukianza, Wambui na mimi tulikuwa tunaitana "wewe" na "wee", tukibanana vidole.

Funzo la pili la Kukhu lilihusu maji yenyewe, na hilo tulilipenda kwa sababu lilikuwa na mchezo ndani yake. Kwetu kuna heshima kubwa baina ya wakwe. Mwanamke akikutana na baba mkwe wake njiani, au mwanamume akikutana na mama mkwe, hawasimami uso kwa uso. Hawapeani mkono. Mmoja anatoka kando ya njia, anageuza uso, anampisha mwenzake apite, halafu ndipo anaendelea na safari yake. Kukhu alisema mkondo wa maji ni mkwe.

"Maji ikikushika ikuvute, hiyo ni mkwe amekupata kwa njia yake," alisema. "Utafanya nini? Utasimama mbele yake mwangaliane? Utasukumana na yeye?"

"Hapana, Kukhu!" tulipiga kelele.

"Munampisha. Lala, angalia juu, yeye usimuangalie. Mwache atembee na wewe kidogo. Njia yake ni nyembamba. Wewe unatoka pole pole kando, kando, kando, mpaka akuache. Mutu anapigana na mkwe anachoka, na akichoka anakufa."

Basi tukawa tunacheza mkwe kwenye korido. Mmoja wetu alikuja mbio kutoka kwenye tangi akiwa amejifunga leso ya Kukhu kichwani, yeye ndiye mkwe, na mwingine alipaswa kujitupa chali, kuangalia mawingu, na kubingirika hadi ukutani. Wapangaji walituruka na ndoo zao wakitutukana. Mama hakucheka hata siku moja, na sikumwelewa hadi nilipoolewa: yeye alikuwa na mkwe wa kweli, chumba cha pili.

Siku yenyewe ilikuwa ya shule, saa kumi hivi za jioni. Jua lilikuwa bado linawaka upande wetu, lakini upande wa vilima vya Ngong mbingu ilikuwa nyeusi. Mama alikuwa kwenye kibanda chake cha mboga huko juu barabarani. Kukhu alikuwa amelala, mguu ulimsumbua usiku kucha. Mama yake Wambui alikuwa zizini akikata nepia. Upepo ulikuja ghafla, ukainua vumbi la korido lote mara moja, na bati moja la chumba cha mwisho likaanza kupiga, ba, ba, ba.

"Twende tumtoe ndama," Wambui akasema.

"Tungoje upepo ipite."

"Ikipita mvua itakuwa hapa. Akinyeshewa, mum ataniua."

"Kukhu alisema tukae chini."

"Si wewe ukae basi. Mimi naenda."

Akaenda. Mimi nilikaa, kweli, kwenye saruji ya tangi, na moyoni nilikuwa nimekasirika kwa sababu alikuwa amenisema kwa sauti ya kunidharau. Sijawahi kumwambia mtu hilo la hasira, lakini lilikuwepo, na naliandika hapa kwa sababu nimechoka kulizunguka. Kutoka kwenye tangi niliweza kuona njia yote ya kushuka kati ya nepia, ubao, uwanja wa ng'ambo, na ndama mwenyewe akila kama kwamba hakuna upepo duniani.

Ndipo nikaona maji. Yalikuwa ya kijivu, yale ya kila siku, halafu yakawa rangi ya chai ya maziwa. Povu likaja, na vijiti, na ndala moja, na beseni la bluu likizunguka. Kwetu hapakuwa pamedondoka hata tone, lakini juu, upande wa Ngong, kulikuwa kumenyesha, na maji hayo yalikuwa njiani kuja. Kukhu alikuwa ametuambia hilo waziwazi: maji yakibadilika rangi na nyinyi bado mko wakavu, mkwe ametoka nyumbani. Nililijua. Sikuwa mtoto asiyejua.

Wambui alikuwa amefika kwenye ubao. Kati yetu hapakuwa hata hatua arobaini. Nikafungua mdomo. Jina lilikuwa limefika, nilihisi midomo ikijikunja kulitoa, na upepo ukaniingia mdomoni na vumbi lake, nikaufunga. Nikajiambia, haitwi jina kwa upepo. Nikajiambia hivyo mara mbili au tatu, haraka haraka, kama mtoto anayeficha kitu nyuma ya mgongo. Wambui akakanyaga ubao. Alikuwa amefika katikati wakati maji yaliuinua ubao kutoka chini, polepole, kama mvuke unavyoinua kifuniko cha sufuria, na Wambui hakuwepo tena juu yake.

Hapo sauti ikatoka. "Kukhu! Kukhu!" Hata katika kupiga mayowe sikutaja jina la mtu.

Kukhu alitoka bila mkongojo. Sijui alivyoshuka ile njia na mguu ule, nakumbuka tu leso yake ikiruka na mimi nikimfuata nyuma nikilia. Wambui alikuwa ametokeza kichwa karibu na ukingo, mikono yote miwili ikipiga maji, akijaribu kurudi palepale alipoangukia, uso wake ukiwa umeyakabili maji yaliyokuwa yakimwingia mdomoni. Alikuwa akipigana. Kila akisogea shibiri moja alirudishwa mbili, na mikono ilikuwa imeanza kuchelewa.

Kukhu alishika fungu la nepia asiteleze, akaitoa ile sauti ya kwao.

"Mkwe! Mkwe anapita! Mpishe! Mpishe!"

Sitasahau nilichoona. Wambui aliacha kupigana. Akajitupa chali, miguu mbele, macho mbinguni, kama tulivyokuwa tukifanya kwenye vumbi la korido, na maji yakamchukua kwa kasi mno hata nikajua amekufa. Kukhu alikuwa akishuka naye ukingoni akichechemea, akirudia, "Kando! Kando, mama! Kando!" Na kweli nikaona mikono ya Wambui ikisukuma kidogo, kidogo, kuelekea upande wetu, hadi kwenye kona ya chini ambako nepia iliinamia maji. Akaidaka. Nepia hukata kama wembe, na viganja vyake vilichanika, lakini hakuachia. Mama yake alifika mbio kutoka zizini na kamba ya ng'ombe mkononi, akajitupa kifudifudi kwenye tope, na yeye na Kukhu wakamvuta.

Mvua ilitukuta hapo, sote tumekaa kwenye matope. Mama Wambui alikuwa amemkumbatia Kukhu, akimwita cucu, nyanya kwa Kikuyu, akisema Mungu akubariki, Mungu akubariki. Wambui alikuwa akitapika. Ng'ambo ndama aliendelea kula. Alilala huko siku hiyo na hakupata hata kikohozi.

Jioni, Mama alipokuwa bado kwa kina Wambui, Kukhu aliniita chumbani kwake. Alikuwa amenyoosha mguu kwenye kitanda, umevimba.

"Ulikuwa wapi?"

"Kwa tangi."

"Ulimuona akienda?"

"Nilimuona."

"Maji uliona?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Ukafanya nini?"

"Sikumuita jina," nikasema, na niliposikia sauti yangu nilikuwa natarajia sifa. "Ulisema tusiite mtu kwa upepo."

Kukhu akafumba macho. Nilidhani ni maumivu ya nyonga.

"Nilisema usimuite, umfuate umshike mkono," akasema. "Sikusema umuache."

Alikuwa amesema hivyo. Kila mara alipotuonya kuhusu jina, aliongeza hilo la kumfuata mtu na kumshika mkono, na mwanzoni mwa masimulizi haya nimeliruka, kama nilivyoliruka siku ile. Nilikuwa nimesikia nusu zote mbili. Nilichukua ile iliyoniruhusu kubaki nimekaa, kwa sababu niliogopa upepo, niliogopa maji, na bado nilikuwa nimekasirika kidogo. Imani haikunifunga mdomo. Nilijificha nyuma yake, na Kukhu aliliona hilo kwa swali la nne.

Hakunipiga. Hakumwambia Mama. Alisema tu, "Siku moja utamwambia mwenyewe," akageukia ukuta. Mwezi uliofuata Baba alimrudisha Bunyala, na baada ya miaka michache tulienda kumzika.

Sikumwambia. Tulimaliza shule ya msingi, tukaenda sekondari tofauti, wazazi wangu wakahama, na urafiki wetu ukaendelea kwa namna ile ya simu na harusi. Mimi nikaingia ofisi, Wambui akawa mwalimu. Na kila mahali alipopata watu wa kumsikiliza, alisimulia siku ile. Kwenye harusi yangu alishika kipaza sauti akaeleza jinsi nyanya ya bibi harusi alivyomwokoa kwa kumwambia ampishe mkwe, na wakwe zangu wapya wakacheka, watu wakapiga makofi, nami nikaangalia keki. Kila alipoisimulia, nilikuwemo ndani kwa sentensi moja tu: "Nafula akapiga nduru, Kukhu akatoka." Ilikuwa kweli. Ilinifanya nisilale.

Basi mwaka huu, kabla ya likizo ya Agosti, akanipigia.

"Nafula, niaje. Nakutaka shuleni Alhamisi."

"Kuna nini?"

"Napeleka darasa la sita Mombasa. Wametangaza upepo mkali huko na hiyo mikondo ya kuvuta watu ndani. Wazazi wananisumbua simu kutoka asubuhi. Nimewaambia upepo ikikuwa bado, hakuna mtu anakanyaga maji, tutaangalia tu. Na hata ikitulia, hakuna mtoto anaingia kabla ajue kumpisha mkwe. Kuja uwafunze."

"Si uwafunze wewe? Wewe ndio uliingia maji."

"Wewe ndio wa Kukhu," akasema.

Nilitafuta sababu ya kukataa hadi Jumatano jioni, nikakosa. Alhamisi niliomba ruhusa kazini, nikafika Parklands, kwenye shule ya ghorofa mbili iliyobanwa kati ya hekalu na maghorofa ya kuishi, na watoto thelathini wenye sweta za kijani wakasimama kunisalimu. Niliwaeleza nilivyofundishwa, nikaongeza nilivyosoma baadaye. Kwamba bahari ina njia zake za kurudi ndani baada ya mawimbi kupiga ufukweni, na mahali hapo maji mara nyingi huonekana yametulia, ndiyo maana watu hupachagua. Kwamba mkondo ule haukuzamishi, unakusogeza tu mbali, na anayezama ni yule anayepigana nao akitaka kurudi moja kwa moja nchi kavu. Lala chali, inua mkono uonekane, na kama una nguvu, ogelea ukifuata ufuo, kando, kando, mpaka mkwe akuache. Tukatoka uwanjani tukacheza. Walibingirika kwenye nyasi na sweta zao, wakicheka. Wambui alikuwa amesimama pembeni, mikono kifuani, na nikaona makovu ya nepia kwenye viganja vyake alipowapigia makofi waingie ndani.

Darasani akawasimulia siku ile. Alipofika pale pa "akapiga nduru", msichana mmoja wa mstari wa mbele, mwenye kitambaa cheupe kichwani, akainua mkono. Hakumwuliza mwalimu wake. Aliniuliza mimi.

"Aunty, na Teacher akikanyaga mbao wewe ulikuwa wapi?"

Swali lile lile la Kukhu. Watoto thelathini walikuwa wakinitazama, na upande wa dirisha Wambui alikuwa amesimama ameshika chaki. Ningeweza kusema nilikuwa nyumbani. Lilikuwa jibu fupi, lilikuwa tayari mdomoni.

"Nilikuwa juu, kwa tangi," nikasema. "Nilimwona akienda. Niliona maji imebadilika. Niliogopa, nikanyamaza."

Msichana yule aliniangalia, akamwangalia mwalimu wake, akashusha mkono polepole. Wambui aliweka chaki chini.

"Nendeni break," akasema.

Walipotoka alikuja akaketi juu ya deski mbele yangu, miguu ikining'inia, kama tulivyokuwa tukikaa zamani. Nilikuwa nimejitayarisha kwa hasira, nimejitayarisha kwa machozi pia.

"Unajua nilikuangalia?" akaniuliza.

"Lini?"

"Kabla nikanyage. Hiyo maji niliona, Nafula. Si hata mimi nilifunzwa na Kukhu? Niliona povu, nikasimama hapo, nikageuka juu kukuangalia. Ulikuwa umekaa tu. Nikajiambia, kama ni mbaya huyu ataniambia."

Katika kumbukumbu zangu zote za siku ile, usiku wote niliokaa nikiipitia, Wambui anashuka ile njia akiwa amenipa mgongo. Hakuna mahali anapogeuka. Uso wake niliufuta mwenyewe, sijui lini, sijui nilikuwa na umri gani.

"Umenikasirikia?" nikauliza, swali la kitoto.

"Nilikuwa na hasira nikiwa kama miaka kumi na tatu. Sana. Nilikuwa nakuja kwenu nakula chapati zenu nikikuangalia tu. Halafu ikaisha." Akashuka kwenye deski, akajipangusa vumbi la chaki. "Lakini hao watoto wakirudi, uwaambie hiyo pia. Kupisha mkwe ni ya mwenye ameanguka. Waambie na ya mwenye anaangalia."

Waliporudi niliwaambia. Niliwaambia kwamba wakiwa ufukweni wataenda wawili wawili, na ukiona mwenzako anaelekea maji mabaya, mwite kwa jina, kwa sauti yote uliyonayo, mara nyingi uwezavyo, na umwite mkubwa mwenye kujua maji. Usimfuate ndani, maana mtamezwa wote wawili. Hapo nilimkosoa Kukhu, na nadhani angenikubalia. Yeye alikuwa akifundisha watoto wa kijito, hawa walikuwa wakienda baharini. Hawakucheka safari hii. Walikuwa wanageuka kuangaliana, kila mmoja akimtafuta yule atakayekuwa wake.

Nilitembea kutoka shuleni badala ya kupanda gari, nikapita kituo changu nikakiacha, nikapita kingine. Miguu haikutaka kutulia. Kwa miaka yote nilikuwa nimejishtaki kwa neno moja ambalo sikulitoa, nikiamini kwamba siku ile, kutoka juu kwenye tangi, sikumwambia Wambui chochote. Lakini nilimwambia. Aliniuliza kwa macho kama kuko salama, nikamjibu kuko salama, akaniamini, akavuka.